Tangazo Lililokatikia Mtua

Jumatatu, 8 Julai

Chai ya rangi, mihogo ya jana, studio. Nimemkuta Kasimu keshafika, fundi wetu wa kompyuta kutoka Ruangwa, kajimwaga kwenye kiti changu. Siku nyingine ningemnyanyua kwa maneno. Leo nilikuwa na shida naye, nikanyamaza.

Kompyuta ya kurushia vipindi vya redio yetu ilikuwa na virusi tangu wiki iliyopita. Folda za nyimbo hazifunguki, matangazo yamejificha, vibwagizo vimepotea. Aliyevileta ni Selemani, hata aape kwa mama yake. Yeye ndiye wa muziki wa mchana. Kila kijana wa Nachingwea mwenye wimbo mpya anamletea flashi, naye anachomeka tu. Flashi hiyo imeshapita steshenari, imeshapita kwa kinyozi, imeshapita kwa wauza nyimbo wa sokoni. Ikifika kwetu inakuja na wageni wake wote.

Kasimu kahangaika nayo mpaka adhuhuri. Virusi nje. Kaweka na kinga mpya. Kila kitu kimerudi mahali pake. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya, nikamnunulia wali na maharage.

Wakati natoka, Meneja alikuwa amebaki na mashine. Bwana Damiani huyo, ana flashi mkononi, kapewa na shemeji yake wa Dar, anasema anamalizia mwenyewe. Akishika kompyuta anajiona daktari bingwa. Nimemwacha. Nimefika nyumbani nikalala mchana, mtu mzima mimi, nikakoroma. Mama ndiye kasema nimekoroma.

Raha.

Jumanne, 9 Julai

Imeanguka.

Nasoma bei ya ufuta, nyuma yangu muziki laini, ghafla kimya. Skrini ya bluu, maandishi meupe, kabla hujasoma neno moja imejizima. Ikajiwasha yenyewe. Ikacheza kidogo. Ikaanguka tena.

Afadhali mikrofoni haipitii kwenye kompyuta. Nikaongea peke yangu mpaka koo likakauka. Nikasoma hali ya hewa, ilipokwisha nikaanza kuitunga. Jua litakuwepo. Ndiyo, Julai hii, litakwenda wapi?

Selemani kaingia kwenye kipindi chake, balaa lile lile. Wasikilizaji wanapiga simu kututukana. Mmoja wa kijiji cha Kiegei kauliza kama leo tumefunga saumu ya kusema. Kacheka mwenyewe, akakata.

Nimempigia Kasimu. Anasema izime, halafu iwashe. Kaka, hilo inafanya yenyewe, haingoji msaada wangu!

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Kwa sasa ni Selemani.

Jumatano, 10 Julai

Nimefungua sipiyu. Nimepuliza vumbi mpaka nikapiga chafya kama mbuzi. Nimehamisha soketi. Nimechukua yupiesi ya ofisini kwa Meneja, ile betri ya kushika umeme ukikatika, akanuna, nikachukua hivyo hivyo. Imekaa saa nzima imetulia, nikaanza kuimba. Ikaanguka nikiwa katikati ya wimbo.

Kasimu kanielekeza kwa simu jinsi ya kuikagua. Haina kirusi hata kimoja. Safi kabisa, na haisimami. Mama kaniuliza jioni kama redio yetu ina kifafa. Mama naye.

Ila lililonikalia kichwani ni jingine.

Nilikuwa nafunga mlango, taarifa ya jioni imekwisha, mtambo wa kurushia umeshazimwa mpaka saa yake iuwashe alfajiri, funguo ya chumba chake anayo Meneja na ameshaondoka. Bodaboda ikasimama. Akashuka mzee mmoja wa kijiji cha Mtua, kofia mkononi badala ya kichwani. Mzee Bakari Saidi. Dada yake mkubwa, Bi Esha, kafariki magharibi ile. Anazikwa kesho alasiri. Kila mtu wamempata kwa simu isipokuwa mmoja, naye ni mtoto wa marehemu mwenyewe, Mwajuma, wa pekee. Kaolewa huko mbele ya Ruangwa, mashambani, simu haishiki. Mzee alisema: "Huyo redio ndiyo itamwambia, mwanangu. Mimi sina njia nyingine."

Na kweli. Watu wa mashambani wananunua betri kwa ajili ya matangazo ya vifo ya alfajiri. Wanafungua redio kabla hawajatoka, wanasikia nani katangulia, ndipo wanajua kama leo ni siku ya jembe au siku ya msiba. Alfajiri sisi hatupo kituoni. Kompyuta inafungua yenyewe, inacheza tulichoipangia, sisi tunafika jua likishachomoza.

Nikafungua mlango tena. Nikarekodi kwa sauti yangu, kwa mtindo wetu, kwanza mfiwa anayetangaza, kisha marehemu, kisha ndugu wanaopelekewa habari. Nikaipanga ya kwanza kabisa. Nikaicheza pale pale mzee asikie. Ikaenda mpaka mwisho bila tatizo. Mzee akanishukuru kwa mikono miwili.

Haijaanguka tangu saa ile. Nitaiamini. Nifanyeje?

Alhamisi, 11 Julai

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Nilikuwa kitandani, Mama jikoni na redio yake. Ukapigwa muziki wa msiba. Ikafuata sauti yangu: "Tangazo la kifo. Mzee Bakari Saidi wa Mtua."

Kimya.

Nikaketi. Nikangoja. Nikajua. Mashine imeanguka, sasa inajiwasha, na ikiwaka inaanza orodha upya kutoka juu. Muziki wa msiba. "Tangazo la kifo. Mzee Bakari Saidi wa Mtua." Kimya.

Ikarudia tena. Na tena. Nilikuwa kwenye bodaboda, kanga imefungwa ovyo, naisikia kwenye kila duka la chai tunalopita. Mtu wa mandazi kasema Inna lillahi, Mzee Bakari jamani, juzi tu nilimwona. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Meneja alikuwa nyuma yangu na funguo, kavaa shati ndani nje.

Nikaingia hewani moja kwa moja, nikasoma tangazo lote, nikaomba radhi, nikasoma tena. Lakini ilikuwa imeshachelewa. Watu wa mashambani wakishajua ni nani aliyekufa, wanazima redio kutunza betri. Wanaondoka.

Mchana habari zikaanza kufika. Kutoka Kiegei wametoka watu lori zima, wanawake wanalia tangu njiani, Mzee Bakari wee, umetuacha na nani. Wamefika Mtua, Mzee Bakari ndiye kawapokea. Rafiki yake wa zamani kamwona, kageuka, kakimbia kweli kweli, mzee wa umri ule, mpaka wamekwenda kumkamata kwenye mikorosho.

Selemani kacheka. Nikamtazama. Akaacha.

Mtoto wa marehemu kafika kabla ya maziko. Hilo nimelisikia pia. Alhamdulillahi. Sikuuliza alifikaje. Niliogopa kuuliza.

Ijumaa, 12 Julai

Meneja kaita kikao. Mwenyekiti wa kijiji kampigia, ndugu wa Kiegei wamempigia, hata padri kampigia na wala si msiba wa Kikristo. Uamuzi wake ni kwamba ikifika Jumatatu mashine haijapona, matangazo ya vifo yanasimama, moja kwa moja. Nikamwambia nitakuwa nakuja alfajiri mwenyewe kusoma. Kasema utakuja siku ngapi, ukiumwa je, ukisafiri je. Kasema bora watu wasisikie kabisa kuliko wasikie nusu.

Mchana nimekwenda Mtua kutoa pole. Selemani kasema nisiende, nitapigwa. Nikaenda.

Sikupigwa. Nimekuta watani wao wametawala msiba, na wamepata kitu cha kuchezea ambacho watani hawajapata kukipata. Mmoja kajilaza mkekani mbele ya Mzee Bakari kajifunika gubigubi, anadai sanda yake, marehemu kaipokonya kwa kukataa kufa. Mwingine kila mzee akinyoosha mkono kwenye ugali anapiga kelele: "Jamani, marehemu anakula!" Mzee Bakari anacheka machozi yanatoka, na huwezi kujua ni machozi ya kitu gani. Kanishika mkono. Shikamoo yangu kaitikia kama kwamba sikumwua mbele ya wilaya mbili. Kasema si wewe mwanangu, ni chombo. Nikazidi kujisikia vibaya. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kisha wakanipeleka ndani kwa Mwajuma.

Ni mwanamke wa rika langu. Mikono ya jembe. Kiswahili chake kinachanganyika na Kimwera pale anapoumia. Sikumwuliza chochote, kaanza mwenyewe. Kasikia redio, kajua ni mjomba. Kamlilia mjomba njia nzima, Ruangwa mpaka huku. Kafika, kamwona mjomba kasimama uani.

"Nikafurahi, dada. Nilicheka kwa sauti, nikapiga na vigelegele. Na mama yangu yuko ndani amefunikwa."

Basi. Hakulaumu. Kaendelea kukunja pindo la kanga. Walikuwepo wanawake wengine, wote wakatazama chini.

Nimerudi nyuma ya bodaboda, nimelia mpaka Nachingwea, vumbi na machozi, uso kama umepakwa udongo. Kesho naibeba ile mashine kwenda Ruangwa. Sitarudi nayo ikiwa hivi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimechoka. Nimefurahi. Naandika yote.

Nimeifunga sipiyu kwenye kitenge, nikaipakata garini. Bibi wa pembeni yangu kauliza kama hicho kinapika. Nikamwambia kinaua. Akasogea dirishani.

Kibanda cha Kasimu kiko karibu na stendi ya Ruangwa, simu mbovu mpaka darini. Kaanza na maneno yake ya umeme mdogo. Nikamwambia umeme wa Nachingwea ni mdogo tangu nazaliwa na kompyuta ilikuwa haianguki. Kasema basi ni feni. Nikamwambia feni nimeisafisha kwa pumzi yangu mwenyewe. Kasema niiache, nirudi wiki ijayo. Hapo nikakaa chini. Nikamsimulia habari ya Mwajuma, yote, mpaka vigelegele. Kasimu kaweka chini simu ya mteja aliyokuwa nayo. Kafunga nusu ya mlango.

Kumbe kuna mahali pa kuiambia kompyuta: ukianguka, lala hapo hapo, usiinuke. Siku zote hizi ilikuwa inatuambia inaumwa nini, lakini inajizima kabla hatujasoma. Kasimu kaizuia isijiwashe. Kisha tukaanza kuichezesha mpaka ianguke.

Nikacheza nilichokuwa nacho, matangazo ya vifo. Kwa sauti. Stendi, Jumamosi. Haukupita muda watu wamesimama mlangoni, mmoja kavua kofia, mwingine anauliza ni nani huyo wa Nandagala aliyekufa. Ni tangazo la mwezi uliopita! Ilibidi nitoke nje nieleze. Mama mmoja hakuniamini, akataka kwenda kuulizia. Tukahamia kwenye nyimbo za Selemani.

Ikaanguka. Bluu. Ikabaki bluu. Sijapata kufurahia kitu kibaya namna ile. Kasimu kasogeza uso mpaka pua inagusa kioo, kanakili jina la faili, kalitafuta kwenye simu yake. Kakunja uso. Faili ni la kinga ya virusi, lakini si ile kinga aliyoiweka yeye. Ipo nyingine. Kinga mbili kwenye mashine moja.

Ukifunguliwa wimbo au tangazo, zote mbili zinalirukia, hii inavutia huku, ile inavutia kule, mashine katikati inazimia. Kasimu kasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nikawaza watu wetu tunavyojitibu: unameza vidonge vya hospitali, kisha unakunywa na mizizi juu yake ili uwe na uhakika, jioni unapelekwa na machela.

Nikampigia Selemani. Sikumpa hata salamu. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Anaapa, mimi naendelea. Kasimu kanivuta mkono, kanionyesha siku ilipowekwa. Jumatatu. Baada ya yeye Kasimu kuondoka.

Jumatatu Selemani hakuwepo kazini kabisa. Aliyebaki na mashine ni Bwana Damiani na flashi ya shemeji.

Nikamwambia Selemani nitampigia baadaye.

Kuitoa haikuwa mchezo. Ukiiambia itoke, kompyuta inaanguka kabla haijamaliza kutoka. Kasimu kaiwasha kwa sefu modi, ikaamka nusu, maandishi makubwa makubwa, bila sauti wala mbwembwe, vitu vya lazima tu. Humo ile kinga ya shemeji ikawa haina nguvu. Ikatoka. Kaisaka na mabaki yake. Kisha kaiamuru kompyuta ijikague mafaili yake yenyewe, yaliyoharibika iyarekebishe. Kaiacha ikifanya hivyo, kaenda kuswali. Mimi nimekaa naiangalia, namba zinapanda pole pole, nimeshika tonge la ugali halipandi mdomoni.

Ikamaliza. Ikawaka. Ikacheza. Tukaifungulia nyimbo juu ya nyimbo, tukachomeka, tukachomoa, Kasimu kaitesa kwa makusudi. Haikuanguka. Nikaanza kucheka peke yangu kibandani, kicheko kile cha mtu aliyepona homa. Safari hii nilimkumbatia. Kaona haya yeye.

Kurudi nimeipakata vile vile. Nimelala garini kichwa kimeegemea juu yake.

Jumapili, 14 Julai

Nimeanza na Selemani. Nimemwomba radhi, uso kwa uso, jina moja moja nililomwita. Moja alikuwa halijui maana yake, nikamweleza, akacheka sana. Tumemaliza. Ila flashi zake bado ni uchafu, na hilo nimemwambia pia.

Kisha Meneja. Usiku nilikuwa nimepanga maneno, makali, yenye meno. Katoka kanisani, kavaa vizuri, kauliza mashine imeonekana ina nini. Nikamwambia kavu: kinga mbili, moja iliingia Jumatatu baada ya fundi kuondoka. Kavua miwani. Kasema, "Zuhura, nilidhani kinga ni kinga, ukiongeza umeongeza." Maneno yangu makali yote yakapotea. Nani kati yetu asingedhani hivyo?

Hakuficha. Kaita watu wote, kasema ni yeye. Halafu kachukua pikipiki kwenda Mtua peke yake. Nasikia watani wamempokea kwa shangwe, wamemtoza faini ya kuua mtu bila kibali, wamemvisha kanga, wamemlaza kwenye nafasi ya marehemu mpaka kajikomboa kwa jogoo. Mkatoliki wa watu. Karudi suruali ina vumbi, uso mwepesi. Kasema matangazo ya vifo yanaendelea.

Mashine imecheza mchana kutwa. Ibada, kwaya, taarabu, habari. Nilikuwa naipitia kila mara kama mtoto mwenye surua. Jioni ghafla kimya, giza, roho yangu ikatoka ikarudi. Umeme umekatika mtaa mzima. Sijawahi kuushangilia mgao maishani mwangu. Nilipiga makofi.

Jambo moja nimeliamua na Meneja kakubali. Kuanzia sasa tangazo linaanza na jina la marehemu. Mfiwa atafuata. Wazee watanung'unika kwamba sivyo ilivyozoeleka. Wanung'unike.

Jumatatu, 15 Julai

Mwajuma kaja studio.

Nilimwona mlangoni. Nikajua kaja kusema yale ambayo hakuyasema Ijumaa. Kumbe kaja na tangazo la shukrani. Anarudi kwake leo, anataka awashukuru watu wote walioshiriki kumzika mama yake. Na anataka litoke kesho alfajiri, kwa sababu ndipo na yeye atakuwa kwake, redio iko wazi, majirani wanasikia.

Alfajiri. Kwa kompyuta. Hakusema neno kompyuta, lakini tuliangaliana.

Nikamwambia nitakuja kusoma mwenyewe, hewani, nisimame pale pale. Katikisa kichwa. Anataka aseme yeye, kwa sauti yake. Kwa hiyo ni lazima irekodiwe.

Nikamkalisha, nikamsogezea mikrofoni. Hakuwa na karatasi. Kaanza vizuri. Kawataja watu wa Mtua, wa Kiegei, walioleta maji, waliochimba kaburi, watani. Kamtaja mjomba. Kafika mahali pa kumtaja mama yake, akasimama. Sauti haikutoka. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kukata, ndiyo kazi yangu hiyo, tunakata watu wakikwama, tunaanza upya. Sikukata. Nikangoja naye. Akameza mate, akalitaja jina, akamaliza.

Kauliza kama arudie. Nikamwambia hapana, limetoka sawa.

Nimeipanga ya kwanza.

Jumanne, 16 Julai

Nimeamka kabla ya adhana. Mama kanikuta jikoni, redio iko wazi, moto haujawashwa. Hakuniuliza. Kavuta kigoda.

Kituo kikafunguka. Muziki. Kisha Mwajuma. Sauti yake redioni ni nzito kuliko alivyo. Watu wa Mtua. Watu wa Kiegei. Walioleta maji. Watani, na hapo alicheka kidogo. Mjomba wangu Mzee Bakari, aliye hai. Mama kaguna.

"Na mwisho, kwa niaba ya mama yangu..."

Kimya.

Nilikijua kimya kile. Nilikuwepo kilipotokea, nilikiacha mwenyewe. Bado nilishika meza kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kirefu. Jogoo wa jirani kawika ndani yake. Mama kageuka kunitazama.

"...Bi Esha Saidi," ikasema redio, "nasema asanteni."

Ukafuata wimbo. Mama kawasha moto, nami nikaenda kuchota maji.